Mazabodi Aliyoichagua Babu wa Ardhi

Trrr, kisha tik. Trrr, kisha tik. Lilikuwa bado giza la alfajiri, na mlio ulitoka pembeni ya kabati, pale ilipokaa kompyuta niliyoiacha ikimalizia kuchora picha yangu. Nikanyata nisimwamshe Tongtong, binti yetu wa miaka minne. Kabla sijaifikia, ikanyamaza. Ikabaki harufu ya kitu kilichoungua.

"Bo-yan," nikamtikisa mume wangu. "Tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Kompyuta."

"Lo! Ungeanza na hilo, mke wangu. Mimi moyo ulishafika Pingtung kwa mama."

Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Kwa muda mrefu nilifungasha bidhaa kiwandani mchana, na jioni nikaenda darasani kujifunza kuchora vyumba vya nyumba kwa kompyuta. Sasa ofisi moja ya wachoraji huko Taichung ilikuwa imekubali kunijaribu: nichore sebule moja, picha iwafikie Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Wakiipenda, nitafanyia kazi nyumbani. Wasipoipenda, nitarudi kiwandani kwenye zamu, na Tongtong atakwenda kulelewa na bibi yake kusini, tumwone mara moja kwa mwezi. Bo-yan mwenyewe alilelewa hivyo, na nusu ya watoto wa kichochoro chetu hulelewa hivyo. Hakuna anayeuona kuwa ukatili. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikiamka kusikiliza mtoto anavyopumua.

Na mama mkwe alifika siku ile ile, Ijumaa, na kapu la matufaa mekundu ya kwao, tayari kumchukua mjukuu ikibidi. Kwake alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mtoto.

Bo-yan alifungua kasha la kompyuta. Vikopo vidogo vya umeme juu ya mazabodi, ule ubao unaobeba vyote, vilikuwa vimevimba na kupasuka. "Prosesa na memori ninazo, alinipa mwenzangu kazini," alisema. "Tunachohitaji ni mazabodi ya kuvibeba."

Basi jioni tukaenda soko la Guanghua, sote wanne, hadi kwa Shangazi Siok-hun, kama wateja wanavyomwita, mama wa makamo anayeuza vipuri vya kompyuta huko ghorofani. Tulimkuta anakula wali wake, miwani ameipandisha kichwani. Aliiangalia prosesa ya Bo-yan, akafuta mdomo, akatuwekea mazabodi mbili juu ya kaunta, moja kubwa, moja ndogo.

"Zote mbili zitaikubali hiyo prosesa yako," alisema. "Hii kubwa ina nafasi, inapoa vizuri, ina miaka mingi mbele yake. Hii ndogo haina madaha, lakini kazi ya mkeo ya kuchora itaifanya."

Nikainama. Sikuwa nimewahi kuitazama mazabodi mpya kwa karibu hivyo. Njia nyembamba za shaba zilipita kwa mamia bila kugongana, kila moja ikijua inakokwenda, na pembezoni vituo vya kila aina vikingoja wageni wao. Nilijiwazia watu waliokaa wakazipanga zile njia moja baada ya nyingine, wengine pengine majirani zetu wa ng'ambo ya mto, nikaona fahari kana kwamba ni ndugu zangu.

"Mimi naona sinia la vidude," mama mkwe alisema.

"Sinia hasa, dada," Shangazi akajibu. "Lakini ukikosea sinia, karamu nzima iko chini. Kapimeni kasha lenu kwanza, ndipo mje."

Tungepima. Lakini kwenye kona ya kichochoro chetu pana hekalu dogo la Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa, na mama mkwe hajawahi kulipita bila kusimama. Akanunua biskuti, akawasha ubani, akavishika vile vipande viwili vya mti vya kumuulizia Babu, vyenye umbo la mwezi mchanga, akanong'ona na kuvidondosha. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi. Ndiyo. Akarudia. Ndiyo. Akarudia tena, nasi tumebana pumzi. Ndiyo.

"Kubwa," akatangaza. "Babu amesema kubwa."

Baada ya ndiyo tatu mfululizo, nani angeshika tena futi? Bo-yan ana shahada ya uhandisi, na hakuishika.

Kesho yake asubuhi tukarudi sokoni. "Mmehakikisha?" Shangazi Siok-hun aliuliza.

"Tumehakikisha," mama mkwe alijibu kwa sauti ya mtu aliyetoka kuongea na wakubwa.

Nyumbani Bo-yan aliishusha mazabodi ndani ya kasha. Ikagoma. Akaigeuza. Ukingo ukabaki nje kama ulimi wa mtoto mtukutu, na matundu ya skrubu hayakukutana na chochote. Kasha letu lilikuwa la zile mashine fupi za ofisini.

"Labda tulikate kasha," alisema.

"Labda tukukate wewe," nikamjibu, na mara nikajuta, maana mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Jioni nzima hakula hata tufaa moja. Tongtong alipomwomba hadithi, alimwambia bibi amechoka.

Nilipokuwa naosha vyombo alinifuata jikoni.

"Mwanangu, usije ukadhani nilimwomba Babu vibaya makusudi."

"Mama! Wazo hilo halijanipitia."

"Chumba kimepakwa rangi, ni kweli. Nikisema sitaki mjukuu nitakuwa mwongo. Lakini pale hekaluni nilikuombea wewe."

Nilimshika mkono na sabuni yangu yote, na nikamwona mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona. Mtu anaweza kutamani kitu hivyo, na bado akapiga magoti kuomba kimpite.

Jumapili, soko lilipofunguliwa tu, tulikuwa mbele ya kaunta. Mazabodi iliyokwisha kutolewa boksini mara nyingi hairudishwi, nilijua hilo. Bo-yan alieleza huku akitazama viatu vyake. Shangazi Siok-hun alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Dada, hebu niambie. Ulimuuliza Babu maneno gani hasa?"

"Nilimuuliza," mama mkwe alijibu polepole, "je, hii kubwa ndiyo bora?"

Shangazi akapiga kaunta kwa kiganja. "Basi kosa la Babu liko wapi? Kubwa ndiyo bora! Hata mimi ningekwambia hivyo, bila biskuti. Hukumuuliza kama itaingia kwenye kasha. Wakubwa wanajibu walichoulizwa, hawafanyi kazi ya futi."

Mama mkwe alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka muuza nyaya wa jirani akachungulia. "Na huyu mhandisi wangu," alisema, akimfinya Bo-yan sikio, "futi alimwachia Babu!"

"Mama, watu wanaangalia."

"Waangalie!"

Shangazi alikuwa ameshateremsha miwani. Aliinua kifuniko cha soketi ya ile kubwa, pale prosesa inapokaa, akavikagua vijipini vyake kwa kioo cha kukuzia, safu kwa safu, bila haraka. Hakuna kilichopinda. "Mlishika vizuri," alisema. "Nabadilisha." Akaichukua mazabodi ndogo, akafidia tofauti ya bei kwa feni mpya. Hakutuachia tukaifungie nyumbani. Aliifunga pale pale, ndani ya kasha letu, ambalo safari hii tulikuwa tumelibeba. Prosesa ilishuka kwenye soketi bila kusukumwa, kama mtoto anayelazwa. Skrubu aliziingiza zote nusu kwanza, ndipo akazikaza, mshazari kwa mshazari. Alipobonyeza kitufe, feni ikavuma na skrini ya dukani ikawaka.

Nilitaka kumshukuru kwa kompyuta. Nikajikuta namshukuru kwa kicheko cha mama.

"Nenda kachore, mwanangu," Shangazi alisema. "Na wali wangu unapoa."

Nilichora jioni ile nzima. Jumatatu, saa nne, picha ilikuwa imeshaondoka. Jibu lilikuja tunakula tambi za mchana: wameipenda sebule, wananitumia jiko na vyumba viwili vya kulala nivichore.

Nilisoma kwa sauti. Bo-yan, niliyempigia simu kazini, alipiga ukelele ambao lazima bosi wake aliusikia. Mama mkwe aliweka vijiti chini. Alitabasamu, akainuka, akaenda kwenye begi aliloanza kumpangia mjukuu, akawa anatoa vigauni kimoja kimoja na kuvikunja upya juu ya kitanda, akivilainisha kwa kiganja kuliko ilivyohitajika.

Tongtong aliacha tambi zake. Akashuka kitini, akaenda akamshika upindo wa blauzi.

"Bibi, leo nitalala na wewe."