Kifaa Kilisema Amepita

Verlene Hudak alilipwa kunusa milango. Watu wa mji wa Corliss walimtania kwa kazi hiyo, naye hakujali, maana ilimlisha tangu alipofiwa na mumewe, na baadaye ikamlisha binti yake Marcy pia.

Kinu cha nyuklia cha Corliss kilikuwa na miaka arobaini na miwili. Juu ya dari zake zilipita nyaya nene zinazoendesha pampu za kukipoza, na ganda lililofunika nyaya hizo zisishike moto lilikuwa limechakaa hadi linamegeka kwa vidole. Kulibadilisha kulitaka kinu kizimwe wiki saba, na wiki saba bila kuuza umeme ni habari ambayo wenye kampuni hawakutaka hata kuisikia. Wakaiomba serikali iwakubalie njia nyingine: mtu apite kila chumba mara moja kila saa, aguse mlango, anuse, asikilize, kisha abonyeze kifaa chake kwenye lebo ya ukutani ili ijulikane amefika. Binadamu ni rahisi kuliko waya. Ruhusa ilikuwa ya miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Kila zamu ilikuwa na watembeaji wanne. Alipokuja Duane Prokop kuwa msimamizi, akawafanya wawili. Milango haikupungua hata mmoja.

"Tutaizungukaje yote kwa saa moja?" Verlene alimuuliza.

"Kwa miguu, bibie. Ndicho tunachokulipia."

"Na nikichelewa?"

"Hapa hachelewi mtu. Ukichelewa inabidi tuiandikie serikali. Tukiandika mara tatu, wenye mali watasema kinu hiki kizee kina kelele nyingi, kifungwe. Hapo mji mzima utakosa kazi, na watakuja kupiga mawe nyumba yako, si yangu."

Verlene akazunguka. Magoti yalivimba, akayafunga bandeji akaendelea kuzunguka. Kilichomshangaza ni Marcy, aliyempokea zamu kila mchana. Yule binti alitoka kazini bila jasho, viatu vikavu kama alivyoingia.

Ijumaa moja Verlene alikuwa ameshafika kwenye gari lake alipokumbuka miwani. Akarudi chumba cha mapumziko. Marcy alikuwa ameketi, miguu juu ya kiti, anatafuna mkate wa nyama. Bila kuinuka, akavuta mlango wa kabati moja la nguo lisilo na mwenyewe. Ndani yake zilikuwa zimebandikwa lebo kumi na nne, zimenakiliwa kwa mashine ya ofisini, safi kabisa. Akabonyeza kifaa kwenye ya saba. Kikalia.

"Marcy!"

"Mama, funga mlango huo nyuma yako."

"Hicho kifaa kinasema uko mlango wa saba."

"Basi niko mlango wa saba. Karibu."

"Nani kabandika takataka hizi?"

"Nilizikuta. Zamu ya usiku wanazo, sisi tunazo. Wewe tu ndiye unajifanya mtakatifu mwenye magoti."

"Marcy, zile nyaya zimeoza!"

"Miaka tisa unanusa, Mama. Umenusa nini? Nitajie siku moja tu."

Verlene akatafuta siku. Hakuipata.

"Unaona? Rangi na vumbi, basi."

"Wanao wanasoma maili mbili kutoka hapa. Mwalimu wao ana vidonge vya iodini kabatini, vya kuwapa kinu hiki kikipasuka. Unafikiri wamewekewa peremende?"

Marcy akashusha miguu. "Ukisema, atakayefukuzwa si Duane. Ni mimi, kifaa kina jina langu. Halafu hao wajukuu zako uwapikie nini? Harufu?"

Verlene alienda kwanza kwa Duane, kwa sababu bado alitaka kumwokoa mtoto wake. Alidhani Duane akizibandua mwenyewe lebo zile na kuwarudisha watu wanne, mambo yataisha humo humo.

Duane hakumpa kiti. "Kabati gani?"

"Unalijua."

"Silijui, na wewe hulijui. Una binti mmoja tu, au nimekosea?"

"Mmoja."

"Basi mtunze. Nenda nyumbani, mama, weka miguu kwenye maji ya moto."

Ndani ya kinu kile ilikuwamo ofisi ya mkaguzi wa serikali, Iverson, mtu mkavu aliyekatazwa na sheria zake kupokea hata kikombe cha kahawa kutoka kwa watu wa kampuni. Alitembea na chupa yake ya chai, na wafanyakazi walikuwa wakinyamaza anapopita. Verlene alipogonga mlango wake, watu watatu walikuwa ukumbini, na wote watatu walimwona.

Iverson alimsikiliza hadi mwisho. "Nitachukua kumbukumbu za vifaa vyote," akasema. "Kila kifaa kina jina la mtu. Kuna ndugu yako?"

"Binti yangu."

"Unaweza kwenda ukafikirie kwanza."

"Nikienda sitarudi. Andika."

Walipofungua dari juu ya mlango wa saba, walikuta waya umeungua, mweusi urefu wa mkono wa mtu mzima. Moto ulishika ukazimika wenyewe, kwa bahati tu. Siku gani? Hakuna aliyeweza kusema. Kumbukumbu zilionyesha kwamba kila saa, kwa miezi kumi na minne, kuna mtu alipita pale na hakunusa kitu.

Kampuni ikatangaza kwamba kinu ni salama ila kimesalitiwa na wafanyakazi wachache. Wakafukuzwa watano, Marcy akiwa wa kwanza. Duane akahamishiwa kinu kingine kwenye cheo kikubwa zaidi. Waya mmoja ulibadilishwa. Ruhusa ya kunusa milango ikaongezwa mwaka mwingine.

Kwenye chakula cha samaki kanisani, mwanamke aliyekuwa akipakua alimtazama Verlene usoni, karai limejaa mbele yake, akamwambia, "Samaki wamekwisha."

Marcy alikuja siku ya tatu baada ya kufukuzwa kuwachukua watoto wake, ambao bibi yao ndiye aliyekuwa akiwalea mchana. Hakuvuka kizingiti.

"Umeniuza."

"Nimekuuza."

"Huoni hata aibu kulisema."

"Ule waya ulipokuwa unaungua, Marcy, ilikuwa zamu yako?"

"Siku gani?"

"Ndiyo ninayokuuliza."

Verlene akamwona akihesabu kichwani, siku baada ya siku, kila mkate wa nyama na kila kikombe, na hakuna hata siku moja aliyoweza kuiapia kwamba alikuwa pale mlangoni.

"Usikanyage kwangu," Marcy akasema hatimaye. "Wakiugua, wakifaulu, wakioa, utasikia kwa watu."

"Nitasikia. Watakuwa wazima."

"Nyie, twendeni!"

Aliwafunga mikanda kwenye kiti cha nyuma na kuwasha gari. Yule mdogo akageuka dirishani, akainua mkono kumpungia bibi yake. Marcy akanyoosha wake kutoka mbele, akaushusha ule wa mtoto.