Mistari Minne ya Maître Philémon

Wakili wetu, Maître Philémon, aliipenda haki, hilo simnyimi. Ila aliipenda kwa kurasa. Nilimpigia chapa hotuba zake miaka saba, na sikumbuki hata moja iliyoisha kabla watu hawajaanza kuangalia saa. Yeye alidhani wanatafakari.

Mwaka ule wa 2000 waasi ndio waliotawala Bukavu, na amri yao ilikuwa fupi kuliko hotuba yoyote ya Maître: watu zaidi ya watano ni mkutano, na mkutano ni kasho, yaani jela. Kaka yangu Zagabe, seremala wa Kadutu, alikuwa akisikiliza redio na majirani wanne. Akaja mteja kuulizia mlango wake, wakawa sita. Askari walipotokea, wengine walikimbia. Zagabe alibaki kuzima redio, wakamkamata. Ijumaa tukasikia kwamba Jumatano watampeleka mbali. Waliopelekwa mbali, hatukuwahi kumwona hata mmoja akirudi. Niliogopa hadi chakula hakipiti.

Maître akakumbuka kwamba matangazo ya mwisho wa misa hakuna aliyewahi kuyaita mkutano. Padri akampa dakika mbili. Jumamosi akaniletea kurasa kumi na tisa.

"Maître, ni matangazo," nikamwambia. "Pale banasomaka ndoa na funguo zenye zilipotea."

"Domitille, ukurasa ya kwanza iko introduction tu. Piga."

Nikapiga. Mistari minne tu, ya kwangu; kurasa zake nikaziacha mezani. Nikaitia kwenye bahasha, nikamkabidhi kanisani watu walipokuwa wakirudi kutoka komunyo.

Alipoifungua mbele ya watu, uso ulimshuka. Akageuza karatasi: nyuma tupu. Akanikata jicho. Kisha, kwa kuwa hakuwa na lingine, akasoma:

"Papa Zagabe, fundi wa mbao, iko mu kasho ya karibu na soko.
Kwetu, mufungwa banamuletea chakula.
Kesho tumupelekee.
Twende batano-batano."

Akakaa. Hakuna aliyeangalia saa.

Jumatatu asubuhi Maman Cibalonza, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alifika wa kwanza na wenzake wanne. Hatua kumi nyuma yao, watano wengine. Nyuma ya hao, watano tena, hadi chini sokoni: bugali, sombe la majani ya muhogo, maharage, sufuria kichwani. Komanda akatoka mbio.

"Hii ni mukutano!"

"Tuko batano, chef," akasema Cibalonza. "Bale nabo iko batano yabo."

Askari, ambao njaa ilikuwa haiwaishi, walimsaidia Zagabe kula. Nikapata hofu mpya, kwamba watamzoea wakatae kumwachia. Lakini kila mama alisubiri arudishiwe sufuria yake, na ua ukajaa hata gari la komanda halikuweza kutoka. Jumanne walirudi wengi zaidi.

"Mutaleta bugali mupaka lini?" komanda akauliza.

"Mupaka atoke, chef. Akiwa kwake, bibi yake atamupikia."

Saa sita mchana wakamtoa. Naapa alikuwa amenenepa. Nikamkumbatia nikalia kwa sauti, kamasi na yote.

Maître alininunia siku nne. Siku ya tano akaweka karatasi mezani kwangu, tangazo la Jumapili, kuhusu wafungwa saba waliobaki mle ndani. Nikachukua kalamu nyekundu. Ilikuwa mistari minne. Nilitafuta cha kukata, nikakosa. Nikaanza kupiga.