Kamera Iliyozeeshwa Mpakani

Sosthène alipofika kwetu Bwera, Uganda, kutoka Butembo kule Kongo, hakuwa na kitu ila taa moja ya studio ya picha na kicheko. Mimi ndiye niliyemtafutia chumba, nikamwazima na kitambaa cha kutundika nyuma ya wateja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi sikupona. Ndani ya miaka miwili harusi zote za Mpondwe, hapa mpakani, zilikuwa zake, na hata mke wangu Bulandina alipotaka picha ya kadi ya akina mama wa kanisani, alikwenda kupigwa kwake.

"Kwako natoka nimenuna," aliniambia. "Kwake natoka nacheka."

Nina studio tangu enzi za filamu. Nilimwonea wivu yule mtu, na sitafuti neno lingine la kuupamba.

Siku moja akaniambia ana kamera kwa dada yake Emérance, kule Butembo. Kamera ya filamu, toleo maalumu: zilitengenezwa mia tatu tu, kila moja na namba yake, ngozi nyekundu, maandishi ya dhahabu. Aliinunua miaka kumi iliyopita kwa mjane wa tajiri wa kahawa, na hajawahi kuitoa kwenye boksi wala kuipigia picha hata moja.

"Kamera isiyopiga picha ni ya nini?" nikamuuliza. "Hiyo ni kufuga mbuzi wa kutazama."

"Yaya Nobert," akasema, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwao, "ile haiko ya kupiga. Iko ya kulala. Ikilala, bei inapanda."

Nikacheka hadi machozi. Niliamini amepumbazwa, na imani hiyo ilinistarehesha wiki nzima. Kisha akapatikana mnunuzi.

Mnunuzi aliitwa Tumusiime, mtu wa Kampala anayekusanya kamera za zamani. Yeye hajui Kiswahili, na Sosthène anajua Kifaransa lakini Kiingereza hapana. Basi Sosthène akampa namba ya simu yangu, nimsomee na kumjibia.

Ujumbe ulipoingia, bei ilinifanya nikae chini. Ilitosha kununua kiwanja Nyakiyumbu, na Sosthène alikuwa ameshakichagua, ili amtoe mama yake kwenye chumba cha kupanga kinachovuja. Mimi, mwenyeji, bado napanga. Moyo uliniwasha kama pilipili jichoni. Chini ya bei palikuwa na sharti: boksi lisiwe limefunguliwa, utepe wa kiwandani usiwe umekatwa. Likifunguliwa, aliandika, inabaki kamera ya kawaida tu.

Nikasoma bei kwa sauti. Nikaishia hapo.

"Ni hivi tu?" Sosthène akauliza.

"Ni hivi tu. Uilete Kasese Jumamosi."

Sikuhitaji kusema uongo mwingine, maana najua jinsi vitu vinavyovuka Mpondwe. Kitu kipya kinalipiwa ushuru. Kitu cha mtu cha kutumia kinapita. Kwa hiyo watu wa mpakani tunazeesha. Viatu vipya vinavuka vikiwa mguuni, vimekanyagishwa matope kwanza. Redio inatolewa kwenye boksi lake kule Kasindi, upande wa Kongo, na kupakwa vumbi. Wala hatuiti huo ujanja. Nilikuwa nimekaa pembeni Sosthène alipompigia dada yake.

"Emérance, toa mu kartoni. Ile plastiki pasua, tupa. Uitie ku shingo sawa kintu ya kazi. Bale ba duane basione kama iko mupya."

Duane kwao ndio forodha. Nafasi ya kumzuia nilikuwa nayo, tena ndefu, kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya na alirudia kila neno mara tatu. Nikanywa chai yangu.

Jumamosi tukakaa katika hoteli moja Kasese. Tumusiime alikuwa ameweka glavu nyeupe mezani. Sosthène akaitoa kamera kwenye kipande cha kitenge. Emérance alikuwa amefanya kazi kweli: ngozi imekwaruzwa, mkanda umepakwa udongo, na kwenye kitako, kwa msumari, amechora jina la kaka yake ili isiibiwe njiani.

Tumusiime hakuzivaa glavu. Akaniuliza kwa Kiingereza boksi liko wapi, nami nikatafsiri.

"Kartoni? Tulitupa," Sosthène akasema akitabasamu. "Juu ya duane."

Tumusiime akafungua ule ujumbe kwenye simu yake, akauweka mbele ya Sosthène, akagonga kioo kwa kidole. Nikaanza kueleza kwamba mnunuzi amegeuka, watu wa Kampala ndivyo walivyo. Sosthène hakunisikiliza. Aliinamia simu, midomo ikicheza, akiyaruka maneno asiyoyajua hadi akafika kwenye moja.

"Intact," akasoma kwa Kifaransa chake. "Hii neno iko hata kwetu. Ni kintu hawajagusa."

Akatazama tarehe ya ujumbe: siku ile ile niliyomsomea bei. Kisha akanitazama mimi.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningepata cha kujibu. Yeye akaifuta kamera udongo kwa kona ya kitenge, akaifunga tena.

"Yaya, umwambie bwana anisamehe juu ya safari yake. Umwambie kosa iko yangu, ni mimi sikusoma muzuri."

Tumusiime alikuwa ananisubiri. Nikatafsiri yote, bila kuacha neno hata moja, na hata hapo nilimwonea wivu.