Mapumziko ya Besi

"Hivi wewe mama mzima, na miwani yako hiyo, unajifunza kompyuta upya ili iweje?"

Jirani alimuuliza Mama Nota hivyo siku moja, ameegemea dirisha la jikoni, mkononi kikombe alichokuja nacho kuomba chumvi. Mama Nota alikipokea kikombe. Alimjazia chumvi, akamwambia, "Ngoja Ijumaa ipite," wakacheka, yakaisha.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kanisa lilikuwa linachapa kitabu cha nyimbo za kwaya, na ukurasa mmoja ulikuwa umetengwa kwa wimbo wa mwisho wa marehemu mumewe, wimbo ambao hakuna aliyewahi kuuimba. Mchapaji alitaka kila wimbo umfikie ukiwa kwenye programu mpya ya kuandikia nota. Na mwenye kauli ya mwisho alikuwa mwalimu wa kwaya, mdogo wa marehemu. Huyo akisema wimbo una kasoro, ukurasa unapewa wimbo mwingine.

Kwa miaka kumi na minane marehemu alikuwa akitunga kwa penseli na mkewe akinakili kwenye kompyuta. Ndipo watu wakamwita Mama Nota. Shule yake iliishia ya msingi, lakini programu ile ya zamani aliijua kama anavyojua jiko lake: hata taa ikizimika, mkono unakwenda wenyewe kwenye chumvi. Sasa walioitengeneza walikuwa wamefunga kazi, kompyuta yenyewe ilikuwa na mstari mweusi katikati ya kioo, na programu mpya ilikataa katakata kulifungua faili la zamani. Binti yake alimletea kompyuta ndogo, akamwekea programu hiyo, akakaa naye Jumapili nzima, akarudi kazini kwake. Ikabaki kuunakili wimbo upya, nota moja baada ya nyingine. Kompyuta ya zamani aliiweka kushoto, mpya kulia, na yeye katikati kama mwamuzi.

Kila asubuhi alisali kwanza. Hakuomba muujiza, aliomba subira, maana vidole vyake vilikuwa na kichwa kigumu. Kwenye programu ya zamani, ukitaka nota ya pigo moja, ulibonyeza namba tano. Kwenye hii mpya, tano ilikuwa nota ya nusu pigo, na pigo moja lilikuwa kwenye sita. Binti alimwandikia hilo kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Mama Nota akaisoma, akaielewa, akakaa chini, akabonyeza tano siku mbili mfululizo.

Alipoona wimbo wa kurasa nne umeenea kwenye mbili, alidhani programu mpya inajua kubana karatasi. Akaisifu moyoni.

Jumatano shemeji yake, yule mwalimu wa kwaya, akaja. Aliacha viatu mlangoni, akavuta kiti.

"Haya shemeji, tusikie hicho kilichokunyima usingizi."

Mama Nota akaubonyeza wimbo upige. Wimbo wa maombi, ambao marehemu aliuandika uende pole kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, ukatoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda. Kabla hajapata kuvaa miwani vizuri, ulikuwa umekwisha.

Shemeji akatazama dari. "Kaka alikuwa anawahi wapi?"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nawahurumia wazee wa soprano. Tutawazika wawili kabla ya ubeti wa pili."

"Ni hii tano," akasema Mama Nota, akiitazama karatasi ukutani kama imemsaliti. "Mkono umezoea tano."

"Mkono umezoea, Ijumaa haijazoea. Shemeji, nakuheshimu, unajua. Ila ukishindwa niambie mapema, kuna wimbo wa mpiga kinanda unasubiri."

"Njoo Ijumaa asubuhi. Na uje na masikio, mdomo uache nyumbani."

Alipoondoka, Mama Nota alifuta yote. Alikata kipande cha plasta, ile ya vidonda, akakibandika juu ya tano, kidole kikigusa kishtuke. Akaanza upya, soprano, alto, teno, kisha besi.

Kwenye besi akasita.

Besi ilikuwa na mapengo. Sauti tatu zinaendelea, besi inanyamaza pigo moja, kisha inarudi. Alizihesabu nota kwenye kioo cha kushoto, kidole kikiruka ule mstari mweusi. Baada ya mapigo saba, pumziko. Mapigo saba tena, pumziko. Tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, popote pale, besi haikuvuka mapigo saba. Wimbo huu aliuandika marehemu mwenyewe, moja kwa moja kwenye kompyuta, juma lile ambalo Mama Nota alikuwa kwa dada yake. Hakuwahi kumweleza.

Mama Nota alivua miwani, akaifuta, akahesabu upya. Kisha akakumbuka mazoezi ya mwaka ule wimbo ulipoandikwa, marehemu akiacha kiti chake cha mbele na kwenda kuketi nyuma ya safu ya besi, mgongo wa mdogo wake mbele yake, vidole vikihesabu gotini. Yeye alidhani mume wake anasinzia.

Ijumaa shemeji alikuja mapema. Hakuleta utani. Wimbo ulipiga, polepole, kila sauti mahali pake, naye akafuata kwa kalamu kwenye karatasi alizochapishiwa. Ulipoisha alikuwa amezungushia duara sehemu kumi na moja.

"Umejitahidi," akasema. "Lakini besi umeruka nota. Ona hapa. Na hapa. Programu hii najua tabia yake, usipoandika kitu inajaza pumziko yenyewe, haikuulizi. Besi haiwezi kukatika hivi, shemeji, ni nyumba inayotolewa msingi kila hatua mbili. Nikiupeleka hivi watasema kaka alizeeka vibaya. Heri usiingie kabisa."

"Sikuruka."

"Shemeji."

"Hii mpya ndiyo inajaza yenyewe. Ile ya zamani haikuwa na huruma hiyo." Akaigeuza kompyuta nzito imwelekee. "Pumziko usipoliweka kwa mkono wako, halipo. Ninazo nyimbo zake zote humu, na katika nyingine besi yake haikatiki hata mara moja. Haya kumi na moja aliyaweka yeye, moja moja."

Shemeji akainama kwenye kioo. Alitazama, akatazama karatasi zake, akarudi kwenye kioo.

"Kwa nini afanye hivyo?"

Mama Nota alimtazama. Huyu mtu alikuwa besi ambayo watu walikuwa wakivuka mtaa kuja kuisikiliza. Halafu kifua kikaanza kumbana. Alikohoa katikati ya ibada mara mbili, na baada ya hapo akasema mwalimu wa kwaya haimbi, mwalimu anaongoza. Hakuna aliyebishana naye, hata kaka yake.

"Imba," akasema.

"Mimi siimbi siku hizi, unajua."

"Hapa tuko wawili na kompyuta mbili. Imba besi yako."

Akabonyeza kabla hajakataa. Mstari wa kwanza shemeji aliutazama tu ukipita. Wa pili akauingia kwa chini, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Mapigo saba, pumziko, akavuta pumzi. Mapigo saba, pumziko. Kufikia ubeti wa pili sauti ilikuwa imefunguka, na vikombe kabatini vikaanza kutetema kama zamani, marehemu alipokuwa akimgombeza mdogo wake asimvunjie vyombo. Mama Nota aliinamisha kichwa, asimtazame.

Akafika mwisho. Hakukohoa.

Kompyuta ya zamani ilikuwa ikivuma peke yake. Shemeji aliokota kalamu. Kisha akachukua karatasi, akalikata kwa mstari duara la kwanza, la pili, akaendelea hadi la kumi na moja. Juu ya ukurasa akaandika neno moja, "Ichapwe," akatia sahihi.

"Ngoja nikupe chai," akasema Mama Nota.

Shemeji alikuwa ameshasimama. Akazikunja karatasi, akaziweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kifua. Akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.