Hodi ya Kwanza

Mwajuma, msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yake, alinitajia bei ya nyumba ya Ufukoni huku jicho lake liko kwenye mlango wa nyuma. Bei ndogo hunitia wasiwasi. Nikamuuliza kama nyumba ina kesi.

"Haina kesi, dada Anabela. Ina sharti."

Akanisomea wosia. Baba yake, Mzee Nassoro, alitaka mnunuzi asizibe mlango wa nyuma, na hodi ikibishwa pale, aitikie ile ya kwanza.

"Ya kwanza? Na kama ni jini je?" nikamtania. Huku kwetu saa za magharibi tunasubiri mpaka hodi ya tatu, maana jini habishi mara tatu.

Mwajuma hakucheka. "Baba naye alisubiri. Mdogo wangu Sudi alirudi magharibi moja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, tulikuwa mwaka wa pili hatujui alipo. Akabisha mara mbili, kimya. Akajua tumemkataa, akaondoka. Mtumbwi aliopanda kurudi ukazama. Sasa anabisha mara moja tu. Wanunuzi wanne wamekimbia."

Mimi nilikuwa na langu. Kaka yangu Nelio alivuka kwenda Msumbiji miaka minne iliyopita, na tangu hapo mimi na mama tumehama vyumba vya kupanga mara tano. Akirudi angetutafuta wapi? Nilitaka nyumba ambayo hakuna atakayetutoa, basi. Habari za majini baadaye.

"Punguza," nikasema. "Unaniuzia nyumba na mtu ndani yake."

Kabla hajanijibu, tukasikia, "Hodi." Sauti ya kijana aliyechoka. Ilikuwa alasiri, jua kali, na uani hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo. Mimi mwenye mdomo mrefu nilitokwa na kijasho.

"Karibu!" nikaitikia.

Haikubishwa tena. Mwajuma alikuwa analia ndani ya kanga yake. "Miezi minane simwitikii. Siku ile mimi ndiye niliyemshika baba mkono, nikamwambia asubiri ya tatu." Akapangusa uso. "Chukua kwa bei yako."

Tukahamia. Kila aliyekuwa akivuka kwenda Msumbiji nilimpa salamu za kumfikishia Nelio na maelekezo ya nyumba. Sudi alibisha karibu kila siku, mara moja, mlango wa nyuma. Nilimwitikia nikiwa nafua, nikiwa na unga mikononi. Nilishamzoea, hata nilimwonea huruma.

Jumapili moja tumetoka kanisani, hodi ikatoka mlango wa mbele. Ilikuwa sauti ya Nelio, ile yenye mikwaruzo. Mama akainuka mbio kumtafutia kigoda.

Mtu aliye hai hubisha tena. Nikasubiri ya pili, Mungu anisamehe, nikiomba kwa moyo wangu wote abishe tena. Haikuja.

"Karibu, kaka!" nikapiga kelele, nimeshachelewa, nafungua mlango. Kibarazani hapakuwa na mtu. Nikakimbia mpaka barabarani nikiita jina lake, na wauza samaki wakaniambia hawajaona mtu akipita kwetu, si wa kuingia wala wa kutoka.

Niliporudi, Mama alikuwa bado amesimama na kigoda.

"Mbona humwingizi ndani?"

Nikakipokea kile kigoda, nikakiweka kibarazani, nikaacha mlango wazi.