Herufi Zilizovua Viatu

Marehemu mume wangu aliniachia binti wawili, mkeka wa kusalia na lori. Kuhusu binti na mkeka hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini lori, ghafla mji mzima wa Mombasa ukaona ni zito mno kwa mwanamke.

Aliyeona zaidi ni shemeji yangu Muhdhar, mwenye malori yake Shimanzi na kikohozi cha kitajiri. Kila Ijumaa alinijia barazani: "Shemeji, niuzie mimi. Mwanamke na lori wapi na wapi?" Nami, Mungu aliniumba na ulimi mwepesi. Ijumaa moja nikamwambia mbele ya watu kwamba Jumatatu asubuhi lori langu litatoka na sukari kwenda Voi, na lisipotoka, alichukue kwa bei aitakayo yeye. Watu wakaitikia, "Tumesikia." Neno likishatoka halirudi kinywani.

Basi nikataka lori liwe na jina, na jina liwe langu: MWANAKUU NA BINTIZE. Malori ya Muhdhar, yote ya kijani, yaliandikwa "Muhdhar na Wanawe" kwa herufi zilizosimama wima kama watu wanaongoja kugawiwa mirathi. Langu nilitaka likimbie. Nikamwendea Faraj, mwandika vibao wa Makadara, ambaye siku hizo alikuwa mgonjwa wa mahaba. Hakumpenda mtu, alipenda aina ya herufi aliyoiona kwenye tangazo la matairi: nene, zimeinamia mbele, na miguuni hazina vile vikanyagio vidogo walivyo navyo wenzao wa magazetini.

"Hizi, Bi Mwanakuu," akaniambia, mato yakimng'aa, "zimevua viatu zipate kukimbia."

Akazipaka kwa rangi nyekundu, pande zote mbili. Jumapili mchana dereva wangu Kioko akaja kutoka kanisani, na suti yake, akalizunguka lori. Upande wa kulia akatabasamu. Upande wa kushoto akasimama.

"Mama, huku tunarudi nyuma."

Nikaenda kutazama. Wallahi ni kweli! Upande wa kulia jina lilianzia mkiani likaishia kwenye kichwa cha lori, na herufi zote zimeinamia mbele. Upande wa kushoto lilianzia kichwani likaishia mkiani, na herufi zile zile zikawa zinakimbilia mkiani. Na kushoto ndiko wanakosimama watu kandoni mwa barabara, ndiko wanakoona.

"Mimi siendeshi hii," Kioko akasema. "Madereva wote watasema Kioko ametoka Shimanzi mpaka Voi kwa rivasi."

Faraj akaufuta upande huo kwa mafuta ya taa, akapaka upya, safari hii akiziinamisha kinyume. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kila herufi ikaegemea kisogo chake.

"Sasa zimelewa," Kioko akasema kwa huzuni.

Habari ya aibu haina haja ya gari. Muhdhar akafika na kikohozi chake, akatazama, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Shemeji, usijisumbue. Kesho nitalipaka kijani." Akaokota kofia akaenda zake.

Nikakaa juu ya tairi bovu. Niliona uchungu, na nilijiona mjinga, maana herufi zenyewe sikuweza hata kuzisoma. Skuli sikupelekwa. Nilikwenda chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, na barua zangu zote za Kiswahili niliziandika kwa herufi za Kiarabu. Nilichoweza kuona pale ni zinaelekea wapi.

"Faraj," nikamwita, "hizi za kizungu zaanzia wapi?"

"Kushoto, zaenda kulia."

"Na zetu za chuoni?"

Akafungua kinywa. Brashi ikamdondokea mguuni. Kisha akatikisa kitwa: "La, Bi Mwanakuu. Herufi za heshima kama zile, nizinenepeshe, nizilaze, nizivue viatu?"

"Kwani msikitini waingia na viatu?"

Akaokota brashi. Akafuta, akapaka tena kwa herufi za chuoni, jina likaanzia mkiani likaja mbele, herufi nene, zimeinamia kichwa cha lori kwa haraka yake yote. Kioko akapiga hatua nyuma, akakunja mikono.

"Sijui imesema nini, lakini inakwenda mbele. Ila kule Voi watu watafikiri ni dua."

"Basi na waitikie amina."

Walipokwenda kunawa, nikabaki peke yangu. Nikasoma. Mwanakuu na bintize. Upande wa kulia niliambiwa tu kwamba ni mimi. Upande huu nilijiona mwenyewe, mkubwa, mwekundu, sina haja ya kuambiwa. Nikaliegemea lori, nikalia, sifichi, na rangi ikanichafua buibui.

Jumatatu asubuhi tulitoka Shimanzi na sukari yetu, mimi nimeketi ubavuni mwa Kioko. Muhdhar alikuwa amesimama kandoni mwa barabara na mashahidi wake, na kopo la rangi ya kijani chini. Nilimwambia Kioko apite polepole. Shemeji yangu alisoma chuo kimoja nami, kwa mwalimu mmoja, naye alikuwa amesimama upande wa kushoto. Nikaiona midomo yake ikitikisika, neno kwa neno, mpaka mwisho.