Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi kumi na tisa, na mwalimu wao alikuwa akitokwa jasho kila alipokaribia ukurasa wa thelathini. Tuanze na huyo mwalimu, maana balaa lote alilianzisha yeye.

Aliitwa Paskalina, binti wa Mazinde, huko chini nyikani kwenye joto. Alipandishwa milimani kuziba pengo la Mwalimu Alen, aliyeitupa chaki na kwenda Tanga kuuza mitumba. Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Lushoto yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, gulioni nguo za Ulaya zilimwagwa juu ya maturubai, na mwalimu mwenye akili za biashara hakukaa darasani muda mrefu. Shule yenyewe, ya wazazi, ilikuwa na miaka sita tu na haijawahi kupeleka msichana kidato cha tano. Mwaka huo wa tisini na tatu matumaini yote yalikuwa kwa Sabra, binti wa muuza karanga, msichana mwembamba aliyependa maneno kama wenzake walivyopenda pipi. Asipofaulu, alikuwa anakwenda kukaa kwenye sinia la karanga kando ya mama yake, na jambo hilo lilijulikana shule nzima.

Somo lilikuwa Fasihi ya Kiingereza, na hadithi ambayo shule iliichagua kwa mtihani, kati ya zilizopangwa, ilikuwa ya kutisha, ya zamani, ya nchi ya baridi. Binti anaishi na baba yake katika nyumba ya mawe. Ndani ya nyumba kuna mlango uliopigiliwa misumari. Baba amemwambia tangu utotoni kuwa nyuma yake ni chumba alichofia mama yake, na kwamba asiuguse kamwe. Wanaingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, unaoishia kwenye ua wenye ukuta mrefu. Kila jioni binti anaweka taa mbele ya ule mlango wa misumari, na mara kwa mara anasikia ukigongwa kutoka upande wa pili. Baba anapofariki, binti anachukua nyundo na kung'oa misumari mmoja mmoja. Ukurasa wa thelathini ulimalizika hapo, mkono wa binti ukiwa kwenye kitasa. Baada yake lilibaki jalada tu, na uzi uliokatika mahali ilipokuwa karatasi ya mwisho.

Paskalina aliligundua hilo wiki ya kwanza. Alijiambia atapata nakala nyingine. Akaandika barua mbili, majibu hayakuja, na kazi ikaendelea.

Na kazi aliifanya, tusimwonee. Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, aliinakili hadithi yote ubaoni, aya kwa aya, muhula mzima, hadi vidole vikapasuka kwa chaki na baridi. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la msamiati: neno, maana yake, sentensi ya kwako mwenyewe. Nyuma ya daftari walichora safu mbili kwa ajili ya alama za hadithi, upande huu kitu, upande ule kile kinachowakilishwa.

"Misumari?" aliuliza siku moja.

"Ukatili wa baba, mwalimu."

"Taa?"

"Tumaini."

"Vizuri. Na ukungu? Nyumba imezungukwa na ukungu kila siku. Ukungu ni nini?"

Nje ukungu wenyewe ulikuwa umepanda kutoka bondeni, ukaingia dirishani pasipo kioo na kukaa kwenye madawati ya nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Sabra akainua mkono.

"Ukungu ni uhai, mwalimu."

"Uhai?"

"Ndiyo, mwalimu. Ukungu usipopanda, maharage hayashiki na kabichi zinadumaa. Nyumbani tukiamka hatuuoni, bibi anaanza kuulizia majirani kama wameuona."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Paskalina, mtu wa nyikani aliyevaa sweta mbili, akacheka. "Hii ni hadithi ya Ulaya, Sabra. Huko ukungu ni hofu, ni kifo. Mtahini hatakuuliza habari za kabichi." Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mkasi wa kosa juu ya neno la Sabra.

"Ndiyo, mwalimu," Sabra akasema, akaandika kifo.

Mwezi wa nne mwishoni wakafika kwenye kitasa. Chaki ikasimama. Kumi na tisa wakamwangalia na kalamu zao tayari.

"Mwalimu," Sabra akauliza, "ndani kulikuwa na nini?"

Angesema hajui. Angesema karatasi imechanika, na dunia isingeanguka. Lakini alikuwa mgeni, alikuwa kijana, na alikuwa amejisifu kwa Mwalimu Mkuu kuwa hadithi hiyo anaijua kama kiganja chake. Ulimi ukatangulia.

"Chumba kilikuwa kitupu," akasema. "Hakuna mtu, hakuna kitu. Aliyekuwa akigonga ni dhamiri ya baba." Hata yeye alilipenda jibu hilo. Akaliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, nao wakanakili.

Kuanzia hapo hakulala vizuri, na chakula kilimkinaisha. Kila gari la wakaguzi lilipounguruma kwenye kona za barabara ya Soni, alikificha kitabu chini ya madaftari. Mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya wa Taifa, ulifanyika mwezi wa saba. Majibu yalikuja mwezi wa tisa, na Mwalimu Mkuu Nikodemo akamwita ofisini.

Nikodemo alikuwa mzee wa Kanisa la Kilutheri, mtu wa sauti ya chini. Alimsukumia karatasi ya msahihishaji. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilihusu mlango. Msahihishaji alikuwa ameandika: "Watahiniwa wote kumi na tisa wanazungumzia chumba kitupu. Hakuna chumba kitupu katika hadithi hii. Wamesoma kitabu gani?" Chini yake palikuwa na orodha ya matokeo. Sabra alikuwa ameanguka somo alilolipenda kuliko yote.

Paskalina akaeleza kila kitu, machozi yakimdondokea kwenye sweta ya juu. Nikodemo akavua miwani.

"Watoto wanajua?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi wasijue. Mwalimu akishavuliwa nguo mbele ya wanafunzi, hafundishi tena, na shule changa kama hii haiwezi kuhimili maneno. Kitafute kitabu kizima. Ukikipata, waambie mnafanya marudio, uwape mwisho wa kweli humo humo, kimya kimya."

Akakitafuta. Jumamosi ya kwanza alishuka hadi shule ya Korogwe. Mwalimu wa somo alikuwa kwenye semina Dodoma, na ufunguo wa kabati alikuwa ameondoka nao. Jumamosi ya pili akafika shule ya Muheza. Huko walikuwa wamechagua hadithi nyingine kabisa. Siku zikawa zinakatika kama uzi mbovu. Alipobakiwa na wiki moja kabla ya mtihani wa Taifa, Paskalina hakuwa na kitu mkononi zaidi ya uongo wake, na ule uongo ulikuwa kwenye madaftari kumi na tisa.

Jumatatu asubuhi aliingia darasani. Wakasimama wote.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni." Akashika ukingo wa meza. Alimfikiria Nikodemo na miwani yake. Kisha akamwangalia Sabra kwenye dawati la pili, daftari wazi, kalamu tayari kuandika lolote atakaloambiwa, na hapo akaona aibu ya kunyamaza ni kubwa kuliko ile ya kusema.

"Nina neno la kuwaambia, na mnisikilize hadi mwisho. Ule mwisho wa hadithi niliutunga mimi. Kitabu chetu hakina karatasi ya mwisho. Sijui nyuma ya mlango kulikuwa na nini. Niliwadanganya, mkaanguka moko kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyeguna. Hakuna hata aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomtisha. Waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, kama watu waliokutwa na kosa. Msichana mmoja akamnong'oneza Sabra kwa Kishambaa, na Sabra akasimama.

"Samahani, mwalimu." Akafungua daftari la msamiati. Katikati yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya mafuta na chumvi, akaja nayo mbele kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo alipoitoa.

Paskalina akaikunjua. Juu, kwenye kona, ilikuwa namba: thelathini na moja.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mama, mwalimu. Mwalimu Alen alipohama, aliwaachia wauza karanga makaratasi yake yote. Siku ya gulio nilikuwa namfungia mteja karanga, nikaona lile neno la kitasa. Nikamfungia kwa karatasi nyingine."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

Paskalina akahesabu kichwani. "Mwezi wa tano. Kabla ya moko."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wenzako?"

"Niliwaonyesha. Tuliisoma wote."

"Na bado mkaandika chumba kitupu?"

Sabra alikuwa akilia waziwazi sasa. "Tulikubaliana, mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha. Tungeandika kingine, wangesema mwalimu wetu hajui."

Paskalina akakaa kwenye kiti. Alitaka kuuliza swali moja zaidi, akaogopa jibu lake, akauliza hivyo hivyo.

"Na wiki ijayo? Mtihani wa Taifa?"

Sabra akatazama sakafu. "Tungeandika chumba kitupu, mwalimu."

Wote kumi na tisa. Wangejiangusha mmoja baada ya mwingine kwa adabu zao, Sabra angekwenda kwenye sinia la karanga, na wasingemlaumu hata mara moja. Wangeendelea kumpa shikamoo gulioni hadi uzeeni. Paskalina alifunika uso kwa ile karatasi yenye harufu ya karanga na kulia mbele yao, bila kujali nani anapita dirishani.

Alipotulia, akaisoma kwa sauti. Binti alizungusha kitasa, mlango ukafunguka, na nyuma yake hapakuwa na chumba. Ulikuwa mlango wa mbele wa nyumba. Nje palikuwa na njia iliyoota nyasi, kilima, na ukungu mweupe wa asubuhi. Waliokuwa wakigonga miaka yote ni watu wa kijijini waliokuja kumwita, na baba ndiye aliyewafungia nje kwa misumari. Binti akatoka, ukungu ukamgusa uso, akavuta pumzi kama mtu anayezaliwa.

Paskalina akarudia mstari huo wa mwisho mara mbili. Kisha akaliomba daftari la Sabra, akalifungua nyuma, kwenye alama. Mkasi mwekundu ulikuwa pale pale, na chini yake neno uhai likisomeka vizuri tu.

"Kumbe ulikuwa sahihi," akasema. "Wewe na kabichi zako."

Baadhi wakacheka huku wakijifuta machozi. Paskalina akaichukua chaki na kumpa Sabra, kisha akaenda kukaa kwenye dawati la pili, akafungua karatasi safi.

"Tuna wiki moja. Tufundishe ukungu."

Sabra akasimama ubaoni, bila kujua ageukie wapi ili asimpe mwalimu mgongo. "Na nikikosea, mwalimu?"

"Ukikosea nitakuambia. Na mimi nikikosea?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo tangu darasa la kwanza.

"Tutakuambia, mwalimu," Sabra akasema chini chini.

"Sijasikia."

"Tutakuambia, mwalimu!" wakajibu kumi na tisa, na huko ofisini Nikodemo akanyanyua kichwa kwenye makaratasi yake.